Wanaosema karatasi imekufa waje dukani kwangu wiki ya mitihani

MWENYE SAIBA (mwanzilishi wa uzi)

Assalamu aleikum na hamjambo nyote. Nina duka la saiba na fotokopi hapa Tudor, Mombasa, karibu na chuo kikuu cha TUM, na wateja wangu wengi ni wanafunzi. Kila nikifungua redio nasikia kwamba mwanafunzi wa chuo siku hizi hana haja na kitabu cha karatasi, vyote vimo simuni. Haya. Kama vyote vimo simuni, mbona mitihani ikikaribia foleni ya dukani kwangu inatoka mpaka nje juani? Na hawaji kuvinjari. Kila mmoja ana flashi mkononi, au ananirushia faili kwa WhatsApp: "Mama, nitolee ukurasa wa 112 mpaka 180, mbele na nyuma, kisha ubaindi." Faili hilo analo tangu muhula uanze na hakulisoma. Analitaka kwa karatasi sasa kwa sababu sasa ndio anasoma kwelikweli.

Basi hoja yangu ni hii, na mwenye kuipinga aipinge. Simu ni kabati la vitabu, tena kabati zuri, halijai wala haliingii mchwa. Lakini hakuna mtu anayesomea ndani ya kabati. Kitabu cha kutafutia jambo, kiache simuni. Sura ya kupigana nayo mpaka uielewe, itoe kwa karatasi.

Nasema itoe hiyo sura, sisemi kitabu kizima. Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Wanachukua kitabu kipya cha dukani, ambacho kikiwa cha ng'ambo hupita elfu sita bila taabu (na tangu Sheria ya VAT ya 2013 kuna kodi ya asilimia 16 juu yake), wanakiweka kando ya PDF ya bure, wanasema mnaona? Kwa hesabu hiyo simu itashinda kila siku. Lakini zile kurasa 69 za hapo juu, kwa shilingi tatu tatu, ni 207. Muhula mzima una sura ngapi ngumu hasa? Nne? Tano?

Na kabla hamjaniuliza: kitabu kizima chenye hakimiliki sitoi, hata uje na mamako. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaacha nafasi kwa utafiti na matumizi yako binafsi. Kukitoa chote, kukibaindi na kukiuza darasani ni wizi wenye risiti.

Nyinyi mnasomea nini, na kwa nini?

KOMREDI WA KISAUNI

Mama, kwa heshima zote, wewe unauza karatasi. Ungesema nini kingine?

Mimi simu yangu ina vitabu arubaini na kitu. Asubuhi naingia matatu, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine unasoma. Nioneshe kitabu cha karatasi cha kurasa 900 kinachosomeka hivyo. Usiku mwenzangu wa chumbani akilala nazima taa naendelea. Nikitaka kujua mwandishi amelitaja wapi jambo fulani naandika neno moja tu, napelekwa kila ukurasa lilipo. Na tusisahau tunaishi Mombasa. Vitabu vya dadangu aliviacha kwenye boksi chini ya kitanda, mvua za mwezi wa tano zikapita, alipofungua kurasa zilikuwa zimegandana na ukungu mweusi umeingia hadi kwenye uti wa kitabu. Hewa yetu hii ya chumvi na unyevu haina huruma na karatasi.

Halafu jamani, hata meli zinazoingia bandari ya Kilindini zimeacha ramani za karatasi. Sheria za bahari za kimataifa zilianza kulazimisha ramani za kielektroniki mwaka 2012, hatua kwa hatua hadi 2018. Nahodha anakabidhiwa meli nzima, mimi sikabidhiwi sura ya uchumi?

MWENYE SAIBA

Naam, nauza karatasi, sikuficha. Nauza na intaneti pia. Nikitazama mfuko wangu tu ningekwambia kaa kwenye kompyuta yangu usome mchana kutwa, nikutoze kwa saa.

La ukungu umesema kweli, nami dukani rimu za karatasi sizilazi sakafuni. Kitabu kiwekwe juu, kisigusane na ukuta, na kifunguliwe mara kwa mara. Kile kinachofunguliwa hakiozi. Lakini nikuulize, mwanangu: kati ya vile arubaini, umemaliza sura ngapi?

KOMREDI WA KISAUNI

Tusifike huko.

FUNDI WA MELI

Komredi, hilo la ramani umelichukua nusu. Nasomea uhandisi wa meli. Ni kweli mfumo wa ramani za kielektroniki unakubaliwa badala ya karatasi, lakini sharti lake ni akiba: uwe na mfumo wa pili unaojitegemea, au ramani za karatasi zilizosahihishwa. Hakuna anayeruhusiwa kuingia baharini na skrini moja na dua. Wewe akiba yako simu ikizima ni nini?

Langu mimi ni la mtihani. Somo la thamodinamiki tunaruhusiwa kuingia na majedwali ya mvuke yaliyochapishwa. Simu inabaki nje. Sasa kuna jamaa muhula mzima anatafuta kwa kidole: anaandika namba, jedwali linajileta. Siku ya mtihani anapewa kijitabu, hajui mvuke uliojaa uko ukurasa gani wala ule uliopashwa kupita kiasi unaanzia wapi. Dakika kumi zimekwenda anapekua. Wanaokitumia kila siku mkono wao unajua mahali pake. Wanafungua kati, wanarudi kurasa mbili, wamefika. Sijui kama kuna programu itakayokupa hilo.

NESI MTARAJIWA

Mama wa saiba, nakubaliana nawe nusu, na hiyo nusu nyingine ni ya rangi.

Sisi wa uuguzi tunasoma mwili wa mtu. Nilitoa sura ya moyo kwa fotokopi ya kawaida, nyeusi na nyeupe. Ateri ambayo kwenye kitabu ni nyekundu na vena ambayo ni ya bluu zote zimetoka kijivu kimoja. Mishipa ya fahamu nayo kijivu. Nikawa nasoma picha ambayo kila kitu ni kila kitu. Kutoa kwa rangi bei yake ni mbali kabisa, kwa hiyo picha naziacha kwenye simu, nazivuta mpaka naona vali inavyokaa. Maneno ndiyo nayatoa.

Kwa wasiojua: OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, una kitabu kizima cha anatomia na fiziolojia cha bure, kihalali. Walianza 2012 na fizikia, sasa wana biolojia, takwimu, uhasibu, uchumi. Leseni yake inaruhusu kupakua, kunakili, hata kuchapisha, mradi umtaje mwenye kazi. Unapakua mara moja palipo na waifai, bando halihusiki tena. Nashangaa darasani kwetu watu wanahangaika na skani iliyopinda ya kitabu cha kuibwa, toleo la zamani, ukurasa wa 300 una kivuli cha kidole gumba cha mtu, na hali kuna hiki kisafi.

Wodini ni habari nyingine. Ukitoa simu kusoma dozi, mgonjwa na msimamizi wote wanaamini unachati. Naenda na kidaftari.

BABA WATATU

Mimi ni mzazi, nisikizwe kidogo. Niliambiwa kijana anunuliwe simu kubwa ya kusomea. Nimeinunua. Nikipita sebuleni usiku sijawahi kuiona ina kitabu. Ina watu wanacheza.

Na hili la bando linaniudhi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa Mombasa. SEACOM na TEAMS zilifika 2009, TEAMS ikitokea Fujairah kule Falme za Kiarabu, na EASSy ikafuata 2010. Nchi za ndani ya bara zinapata intaneti iliyopita mlangoni kwetu. Na mwanangu bado ananiomba hamsini ya bando la siku ili apakue hendauti ya mwalimu.

MAALIM WA TAKWIMU

Ndugu zangu, nafundisha chuoni na jambo hili limepimwa, si la kukisia. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zilizofanywa kati ya 2000 na 2017, wasomaji zaidi ya 170,000 kwa jumla, wakalinganisha uelewa wa walioyasoma maandishi kwenye karatasi na walioyasoma kwenye skrini. Karatasi ilitangulia. Tofauti si kubwa, msije mkaitia chumvi. Lakini iliongezeka pale msomaji alipobanwa na muda, na ilionekana kwa maandishi ya maelezo, yale ya kitabu cha darasani. Kwa hadithi tupu haikuonekana. La kushangaza zaidi ni kwamba pengo halikupungua miaka ilivyosonga. Lilipanuka. Wanaosema kizazi kilichozaliwa na simu kitazoea, wasubiri kwanza.

Kuna kazi nyingine ya 2011 ya Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith wa Israeli, na hii ndiyo ninayowatajia wanafunzi wangu. Watu walipoachiwa wajipangie muda wenyewe, wale wa skrini walijipima vibaya: walijiona wameelewa kuliko walivyoelewa, na kwenye jaribio wakapata chini. Walipowekewa muda maalumu, tofauti ya alama haikuonekana (hapo haulingani na ule mkusanyo wa 2018). Maana yake nini? Macho hayana kosa. Skrini inatuzoeza kupita haraka, na tunapita tukiwa na imani kubwa. Kwa hiyo Komredi anaweza kuifaidi simu yake akikaa nayo kama anavyokaa na karatasi: intaneti imezimwa, kalamu mkononi, saa mbele yake.

Ila naona mnagombana juu ya vitabu wakati wanafunzi wengi hawasomi hiki wala kile. Wanasoma slaidi. Mwalimu anatuma slaidi thelathini zenye vichwa vya habari, darasa linaamini hicho ndicho kitabu. Ukitoa slaidi kwa karatasi unapata karatasi yenye slaidi.

Na maktaba zenu mmezitupa. Vyuo vingi vya Kenya vimo kwenye muungano wa maktaba uitwao KLISC, unaolipia kwa pamoja majarida na vitabu vya kidijitali. Vingi vinatumia programu ya MyLOFT, unafungua ukiwa nyumbani Mikindani. Hizo ni pesa zilizokwisha lipwa. Mwendeeni mkutubi awaandikishe, ni kazi ya dakika chache.

KOMREDI WA KISAUNI

Maalim, slaidi hizo si mnatutumia nyinyi?

MAALIM WA TAKWIMU

Ndiyo maana nimezitaja.

MUUZA MITUMBA YA VITABU

Nimekaa kimya, sasa nisemeshwe. Mimi nauza vitabu vilivyotumika, mjini. Kitabu kimoja cha takwimu nimekiuza, kikarudi mwisho wa mwaka, nikakiuza tena, kikarudi. Kila kikirudi kina maandishi zaidi ukingoni, na mnunuzi anayefuata anafurahia, maana aliyetangulia alishamfanyia maswali ya nusu ya kwanza. Toleo la tano na la saba mara nyingi yaliyobadilika ni picha ya jalada na mpangilio wa maswali. Muulize mwalimu namba za maswali, maisha yaendelee.

Sasa kitabu cha kulipia cha kidijitali, unarudisha wapi? Unamwachia mdogo wako? Wengi hamjui kwamba hamkukinunua, mmepewa ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kwenye vifaa vya kusomea vya Kindle vya watu waliokwisha lipa, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa walirudishiwa, lakini mwanafunzi mmoja wa Michigan alikwenda mahakamani kwa sababu maelezo aliyoyaandika ya kazi ya shule yalibaki hayana kitabu. Mwaka 2019 Microsoft wakafunga duka lao la vitabu, vyote vikapotea. Walirudisha pesa, na walioandika maelezo ukingoni wakaongezewa dola 25. Dola 25 kwa muhula mzima wa mwandiko wako.

Mwaka huo huo wachapishaji Pearson walitangaza kwamba vitabu vyao 1,500 vya vyuo vya Marekani vitakuwa vya kidijitali kwanza, karatasi baadaye. Mimi biashara yangu ni vitabu vilivyomaliza kazi kwa mtu mwingine. Visipochapwa huko, huku kwangu kitafika nini?

NESI MTARAJIWA

Kaka, hapo tofautisha. Hayo yote ni ya kidijitali yenye kufuli. PDF huria niliyoitaja ukishaipakua hakuna wa kuja kuifuta. Ukitaka unampa mdogo wako leo na wewe unabaki nayo.

MUUZA MITUMBA YA VITABU

Sawa, hiyo nimeikubali. Haina faida kwangu lakini nimeikubali.

MSIKILIZAJI

Mnabishana juu ya macho. Mimi sioni, nimo mwaka wa tatu, na huu uzi ninausikia kwa TalkBack, programu ya simu inayosoma skrini kwa sauti.

Karatasi kwangu ni kitu cha kupepea joto. Kitabu kimoja cha chuo kwa Braille ni majuzuu kadhaa makubwa, na mpaka yapigwe chapa muhula umekwisha. Kwa hiyo simu mnayoiita kabati ndiyo meza yangu, kiti changu na taa yangu. Nasikiliza kwa kasi ambayo nyinyi mtadhani ni kelele.

Lakini si kila PDF ni kitabu. Hizo skani mnazorushiana ni picha. Simu yangu ikifika hapo inanyamaza, au inasema "picha" kisha "picha" kisha "picha", kurasa mia nne. Slaidi za walimu zilizobandikwa picha ya jedwali ni hivyo hivyo. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, ule wa 2013 unaoruhusu vitabu vigeuzwe viwe vya kusomeka kwa wasioona bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Ruhusa ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na faili na kuligeuza. Kwa hiyo nikisikia "turudi kwenye karatasi" najiuliza mimi nirudi wapi.

MWENYE SAIBA

Mwanangu Msikilizaji, sijasema turudi, nimesema sura itolewe na mwenye kuihitaji. Lakini neno lako limeingia. Dukani nina programu ya kutambua maandishi kwenye picha. Nitumie hizo skani zako moja moja, nitazipitisha, sitaki malipo. Nakutahadharisha tu: ukurasa uliopinda au wenye kivuli hutoka na herufi za ajabu, na hesabu huvurugika kabisa. Hesabu itafaa mtu akusomee azirekodi.

MSIKILIZAJI

Shukrani, mama. Nakutumia ya sosholojia kwanza, haina hesabu. Na nyinyi wengine mnaoskani: nyoosheni kitabu, ondoeni vidole.

FUNDI WA MELI

Nimecheka hapo kwa vidole.

Nirudi kidogo kwa Komredi na kusoma ndani ya matatu. Mimi huvuka Likoni kila siku. Pale kivukoni wakati wa msongamano sitoi simu mfukoni kwa sababu yoyote ile. Kurasa zangu za majedwali nazisoma hadharani, nimesimama katikati ya umati, hakuna aliyewahi kuzitamani.

KOMREDI WA KISAUNI

Wallahi hiyo imenigusa. Simu iliyotangulia hii iliondokea pale pale, na vitabu vyake vyote.

Lakini msinigeuze. Bado nasema kwa mtu anayepanga chumba, anayehama kila mwaka, kubeba boksi la vitabu kutoka Bamburi hadi Kisauni kwa tuktuk ni adhabu. Vitabu vyangu vitabaki simuni, na nimevihifadhi mtandaoni safari hii. Ninachokubali ni hili la Maalim la kujiona nimeelewa. Nimejijaribu jana usiku: nimesoma sehemu ya msuguano kwenye simu, nikaifunga, nikajaribu kuandika nilichosoma. Nimeandika "msuguano ni".

MAALIM WA TAKWIMU

Umeanza vizuri.

BABA WATATU

Samahani, hiyo OpenStax ya bure, uhasibu upo? Kijana wangu ana mitihani ya CPA.

NESI MTARAJIWA

Upo, baba. Uhasibu wa fedha ni juzuu moja na uhasibu wa usimamizi ni la pili. Lakini ni vya Marekani: kanuni nyingi ni zao, na habari za kodi ya Kenya humo hamna. Vimsaidie kuelewa misingi, kisha mtaala wa KASNEB, bodi ya mitihani hiyo, aufuate kwa vitabu vya hapa. Hivyo vya kodi anunue vipya, maana sheria ya fedha hubadilika kila mwaka. Hapo mtumba haufai, kaka mwenye mitumba anisamehe.

MUUZA MITUMBA YA VITABU

Hata mimi vya kodi vya zamani sinunui.

KOMREDI WA KISAUNI

Mama, tuseme nimeshindwa kwa muda. Fizikia ya OpenStax, sura ya 4, ile ya Newton, na ya 5. Unatoa mbele na nyuma? Na kesho Ijumaa unafungua saa ngapi?

MWENYE SAIBA

Saa mbili asubuhi mpaka kabla ya swala, kisha narudi saa nane. Tuma faili usiku huu foleni isikukute. Na uniandikie namba za ukurasa zilizochapwa kwenye kitabu, si zile zinazooneshwa na simu, hazilingani kamwe. Mwenzako wiki iliyopita nilimtolea kurasa sabini za faharasa.